Ukurasa wa mikopo unachukua nusu dakika kufunguka: je, tuachane na ORM?

Swali la msomaji, kwa ufupi: «Natunza mfumo wa chama chetu cha akiba na mikopo, ulioandikwa kwa Django (kiunzi cha Python cha kujengea tovuti) juu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Ukurasa unaoorodhesha mikopo 200 iliyo hai, pamoja na jina la mwanachama, tawi lake, jumla aliyolipa, jumla ya faini na malipo yake ya mwisho, ulikuwa ukifunguka mara moja. Tangu tuhamishie hifadhidata kwenye wingu nje ya nchi, huku programu ikibaki kwenye seva ya ofisini, unachukua karibu nusu dakika. Tumeongeza kumbukumbu ya seva mara mbili bila nafuu yoyote. Ripoti ya malipo ya siku na utafutaji wa mwanachama kwa jina navyo vinasuasua, ila hivyo vilianza hata kabla ya kuhama. Meneja anasema tatizo ni ORM, ile sehemu ya Django inayogeuza msimbo wa Python kuwa SQL (lugha ya kuiulizia hifadhidata), na anataka tuandike SQL yote kwa mkono. Je, yuko sahihi?»

Ndugu msomaji, meneja wako amekosea dawa, ingawa hayuko mbali sana na chanzo. Maelezo yako yanaonyesha maradhi mawili tofauti ndani ya mfumo mmoja, na kwa kuwa dalili yake ni moja, yaani ukurasa kuchelewa, ni rahisi kuyapa tiba moja. Ukurasa wa mikopo unatuma maulizo mengi mno ya SQL, ambayo kila moja peke yake ni jepesi. Ripoti ya siku na utafutaji wa jina hutuma ulizo moja tu, lakini ulizo hilo huilazimisha hifadhidata kusoma jedwali zima. Maradhi ya kwanza hayaponi kwa kuongeza kumbukumbu wala faharasa (index, orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji), na ya pili hayaponi kwa kupunguza idadi ya maulizo. Kuandika SQL kwa mkono hakutibu lolote kati ya hayo kwa kule kuandikwa kwa mkono tu. SQL mbovu iliyoandikwa kwa mkono ipo tele.

Tuanze na ukurasa wa mikopo. Msimbo ulioutuma, nikiufupisha, ni huu:

```
mikopo = Mkopo.objects.filter(hali="hai")
for m in mikopo:
    m.mwanachama.jina
    m.mwanachama.tawi.jina
    m.jumla_malipo()
    m.jumla_faini()
    m.malipo.order_by("-tarehe").first()
```

Ukiusoma kwa jicho la Python, hakuna kosa. Lakini Django haileti kitu mpaka kiguswe. Mstari wa kwanza hautumi chochote. Ulizo la kwanza linatoka pale kitanzi kinapoanza, nalo linaleta safu za jedwali la mikopo peke yake. Unapogusa `m.mwanachama`, linatoka ulizo jingine la kumleta mwanachama huyo mmoja. Unapogusa `tawi`, linatoka jingine. Njia ya `jumla_malipo`, ambayo ndani yake umeandika `self.malipo.aggregate`, inatuma la tatu, ile ya faini la nne, na `first` la tano. Kwa mikopo 200 hesabu ni 1 + 200 × 5, yaani maulizo 1,001 kwa kufungua ukurasa mmoja. Wanaoshughulika na mambo haya huita hali hii N+1. Ni sawa na karani anayepanda masijala kuleta faili moja, akashuka, akapanda tena kwa ajili ya faili la pili, ilhali orodha yote alikuwa nayo mkononi tangu asubuhi.

Sasa weka muda katika hesabu hiyo. Umesema kutoka ofisini hadi kwenye hifadhidata mpya, kwenda na kurudi ni takriban milisekunde 30. Safari 1,001 mara milisekunde 30 ni sekunde 30, nayo ndiyo nusu dakika yako. Hifadhidata ilipokuwa ndani ya jengo moja na programu, safari kama hiyo huenda ilikuwa chini ya nusu milisekunde, na maulizo yaleyale 1,001 yakaisha kabla mtu hajaona kitu. Kwa hiyo msimbo haukuharibika siku mliyohama. Ulikuwa hivyo tangu mwanzo, umbali ndio uliouweka wazi. Hii ndiyo sababu pia kumbukumbu mliyoinunua haikusaidia: seva haikuwa imezidiwa na kazi, ilikuwa inasubiri majibu yafike.

Kabla ya kusahihisha lolote, tazama SQL yenyewe inayotoka. Hapa ndipo watu wengi wanaotumia ORM wanapokosea njia, kwa kuwa wanabishana juu ya msimbo wa Python wakati kinachotekelezwa ni SQL. Katika mashine yako ya maendeleo, weka Django Debug Toolbar, ambayo hukuonyesha idadi ya maulizo ya kila ukurasa na hata kukuambia ni mangapi yanafanana. Ukipenda njia nyepesi zaidi, washa kumbukumbu za matukio za `django.db.backends` katika kiwango cha DEBUG, na kila ulizo litaandikwa kwenye terminali. Usiweke `DEBUG = True` kwenye seva inayotumiwa na wanachama. Mbali na suala la usalama, Django itakuwa inayahifadhi maulizo ya kila ombi ndani ya kumbukumbu.

Kwenye seva halisi tumia kiendelezi cha PostgreSQL kiitwacho `pg_stat_statements`. Kinatakiwa kiongezwe katika `shared_preload_libraries` na hifadhidata iwashwe upya, kwa hiyo panga kufanya hivyo saa za usiku. Kwenye hifadhidata za wingu mara nyingi mpangilio huo hubadilishwa katika ukurasa wa usimamizi badala ya faili. Baada ya siku moja ya kazi, uliza hivi:

```
SELECT calls, mean_exec_time, total_exec_time, query
FROM pg_stat_statements
ORDER BY calls DESC
LIMIT 20;
```

Nimepanga kwa `calls` makusudi. Wengi hutegemea orodha ya maulizo yanayozidi muda fulani, ile inayowashwa kwa `log_min_duration_statement`, kisha wanashangaa ukurasa unachelewa na orodha ni tupu. Itakuwa tupu daima kwa maradhi ya N+1, kwa sababu hakuna hata ulizo moja linalozidi milisekunde moja ndani ya hifadhidata. Muda wote unapotea njiani, na hifadhidata haiujui. Ulizo la kumtafuta mwanachama mmoja kwa namba yake likionekana limeitwa mara laki kadhaa kwa siku moja, umempata mhusika. Ukishamaliza na hayo, panga upya kwa `total_exec_time` ili uyaone yale mazito. Katika matoleo ya kabla ya PostgreSQL 13 safu hizo mbili za muda ziliitwa `mean_time` na `total_time`.

Tiba ya sehemu ya kwanza ni rahisi. Mwanachama na tawi ni uhusiano wa upande mmoja: mkopo una mwanachama mmoja, mwanachama ana tawi moja. Andika `select_related("mwanachama__tawi")`, na Django itayaunganisha majedwali matatu kwa JOIN ndani ya ulizo lilelile la kwanza. Maulizo 400 yanatoweka kwa mstari mmoja wa msimbo.

Kwa uhusiano wa wengi, kama malipo ya mkopo, kuna `prefetch_related`. Yenyewe haitumii JOIN. Hutuma ulizo la pili linalosema niletee malipo yote ambayo mkopo wake umo katika orodha hii, kisha huyagawa ndani ya Python. Inafaa pale unapotaka kuyaonyesha malipo yenyewe, moja baada ya jingine. Ina mtego mmoja ambao haujifichui: ukishaandaa kwa `prefetch_related("malipo")` halafu ndani ya kitanzi ukaandika `m.malipo.filter(...)` au `m.malipo.order_by(...)`, Django inayaacha yale yaliyokwisha kuletwa na kutuma ulizo jipya kwa kila mkopo. Unakuwa umelipa mara mbili. Kama unahitaji malipo yaliyochujwa, chujio liwekwe ndani ya kitu kiitwacho `Prefetch`, mapema, kabla kitanzi hakijaanza. Njia ya `aggregate` nayo haitumii kamwe kilicholetwa mapema. Huenda hifadhidata kila inapoitwa.

Kwako wewe, hata hivyo, `prefetch_related` siyo jibu, maana huhitaji malipo bali jumla yake. Hakuna sababu ya kuvuta maelfu ya mistari kuvuka mpaka ili Python iijumlishe, ilhali hifadhidata inaweza kujumlisha palepale ilipo. Hapa ORM inakupa `annotate`, inayokiongezea kila mkopo thamani iliyokokotolewa na hifadhidata, na hapa pia ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu mfumo wako ni wa fedha za watu.

Mtu akiambiwa atumie `annotate`, jambo la kwanza analoandika ni hili:

```
Mkopo.objects.annotate(
    jumla_malipo=Sum("malipo__kiasi"),
    jumla_faini=Sum("faini__kiasi"),
)
```

Ulizo hili ni la haraka, na jibu lake si sahihi. Chukua mkopo wenye malipo 3 ya shilingi 100,000 kila moja na faini 2 za shilingi 5,000 kila moja. Django inaliunganisha jedwali la mikopo na la malipo, kisha na la faini, katika JOIN moja. Kila lipo linakutana na kila faini, na mkopo huo mmoja unazaa mistari 6. Jumla ya malipo inasomeka 600,000 badala ya 300,000, na jumla ya faini inasomeka 30,000 badala ya 10,000. Mwanachama anaonekana amelipa mara mbili ya alicholipa. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani kwa mikopo isiyo na faini, na kwa yenye faini moja jumla ya malipo hubaki sahihi, kwa hiyo ukijaribu kwa data chache utaridhika na kuupeleka msimbo kazini.

Wapo watakaokushauri uongeze `distinct=True`. Kwa `Count` ushauri huo unafaa. Kwa `Sum` ni hatari zaidi ya kosa lenyewe, kwani `distinct` huondoa viasi vinavyofanana, wala haitazami mistari inayojirudia. Yale malipo matatu ya 100,000 yatahesabiwa kuwa kiasi kimoja, na jumla itasomeka 100,000. Katika chama ambacho wanachama wengi hurejesha kiasi kilekile kila mwezi, karibu kila mkopo utakuwa na salio la uongo.

Njia sahihi ni kuifanya kila jumla ijihesabu katika ulizo dogo lililo ndani ya ulizo kubwa:

```
malipo = (
    Malipo.objects.filter(mkopo=OuterRef("pk"))
    .order_by()
    .values("mkopo")
    .annotate(j=Sum("kiasi"))
    .values("j")
)
mwisho = (
    Malipo.objects.filter(mkopo=OuterRef("pk"))
    .order_by("-tarehe")
    .values("tarehe")[:1]
)
mikopo = (
    Mkopo.objects.filter(hali="hai")
    .select_related("mwanachama__tawi")
    .annotate(
        jumla_malipo=Coalesce(
            Subquery(malipo), Value(0),
            output_field=DecimalField(),
        ),
        lipo_la_mwisho=Subquery(mwisho),
    )
)
```

Ya faini iandike kwa mfano wa ile ya malipo. `OuterRef` ndiyo inayolifunga ulizo la ndani kwenye mkopo unaohusika. `order_by` iliyo tupu inaondoa mpangilio wowote uliowekwa kwenye modeli (darasa la Python linalowakilisha jedwali), ambao kabla ya Django 3.1 ungeweza kuuharibu ule mkusanyo. Na `Coalesce` inahakikisha mkopo ambao haujalipiwa hata shilingi unaonyesha sifuri badala ya kitu kisicho na thamani. Maulizo 1,001 sasa ni ulizo 1. Kumbuka tu kuifuta ile njia ya zamani ya `jumla_malipo` kwenye modeli, au kuipa jina lingine: jina la njia na jina la `annotate` yakifanana, thamani iliyoletwa itaifunika njia, na kiolezo (template ya ukurasa) kingine popote katika mfumo kinachoiita njia hiyo kitaendelea kutuma maulizo yake kimyakimya.

Ili ulizo hili lisigeuke kuwa maradhi ya aina ya pili, jedwali la malipo linahitaji faharasa inayoanza na mkopo. Django huunda faharasa ya kila `ForeignKey` (safu inayoelekeza kwenye jedwali lingine) yenyewe. PostgreSQL haifanyi hivyo, na hili huwaponza wale walioanza na majedwali ya zamani yaliyoundwa kwa mkono, kisha wakayaletea modeli baadaye. Kwa hitaji la lipo la mwisho, faharasa ya safu mbili, mkopo kisha tarehe, itaifikisha hifadhidata moja kwa moja kwenye mstari unaotakiwa. Mpangilio wa safu hizo una maana: inayolinganishwa kwa usawa itangulie, ya masafa au ya kupangia ifuate. Hakuna haja ya kusema tarehe iende kinyume. PostgreSQL inaweza kuisoma faharasa kuanzia upande wowote.

Kuna jambo dogo linalotokana na umbali uleule. Mpangilio wa `CONN_MAX_AGE` usipoguswa huwa 0, maana yake Django hufungua muunganisho mpya na hifadhidata kwa kila ombi na kuufunga linapoisha. Kila ufunguzi una safari zake kadhaa, zikiwemo za usimbaji fiche. Uweke sekunde 60 uone tofauti. Baada ya hapo jiulizeni kwa nini programu na hifadhidata hazikai mahali pamoja, maana hata msimbo mzuri kabisa utakuwa unalipa ushuru huo kwa kila ulizo.

Sasa ripoti ya malipo ya siku. Umeandika `filter(tarehe__date=leo)`, na unalalamika kwamba faharasa ya safu ya tarehe ipo lakini haisaidii. Iulize hifadhidata kwa nini. Katika Django tangu toleo la 2.1 unaweza kuongeza `.explain(analyze=True)` mwishoni mwa ulizo, ukapata mpango halisi wa utekelezaji. Mfano wa utakachokiona, kwa namba za kubuni:

```
Seq Scan on malipo (actual rows=360 loops=1)
  Filter: ((tarehe AT TIME ZONE
    'Africa/Dar_es_Salaam')::date = '2024-06-03')
  Rows Removed by Filter: 1899640
```

Mstari wa mwisho ndio wa kuukazia macho. Hifadhidata imesoma mistari 1,900,000 ili ibakize 360. Na mstari wa katikati unaeleza sababu: `__date` imeigeuza kila tarehe kwenda saa za Dar es Salaam, kisha ikaikata saa ili ibaki siku, ndipo ikalinganisha. Faharasa yako imepangwa kwa tarehe zilivyohifadhiwa. Haina habari na matokeo ya ugeuzaji huo. Ulizo linalomaanisha jambo hilohilo, na ambalo faharasa inalielewa, ni hili:

```
Malipo.objects.filter(
    tarehe__gte=mwanzo_wa_leo,
    tarehe__lt=mwanzo_wa_kesho,
)
```

Mipaka hiyo miwili iandae katika Python ikiwa na saa za eneo. Tumia «chini ya kesho», usitumie «hadi 23:59:59», maana malipo ya simu yanayoingia katika sehemu ya mwisho ya sekunde hiyo yatapotea kwenye ripoti, nawe utayatafuta usiku kucha. `__year` haina shida hii, kwa kuwa Django yenyewe huigeuza kuwa masafa ya tarehe, `__month` inayo.

Unaposoma mipango ya namna hii, linganisha pia idadi ya mistari iliyokadiriwa na iliyopatikana. Zikiachana mno, kwa mfano makadirio yakiwa 5 na halisi 80,000, hifadhidata inapanga kwa takwimu zilizopitwa na wakati, na amri ya `ANALYZE malipo;` mara nyingi hurekebisha. Hili hutokea hasa baada ya kuingiza data nyingi kwa mkupuo, kama mlivyofanya mlipohama. Na usiupime mpango kwenye kompyuta yako yenye mikopo 50 ya majaribio: kwa jedwali dogo kiasi hicho PostgreSQL itasoma lote, na itakuwa imefanya uamuzi sahihi. Tena, `analyze` hulitekeleza ulizo kwelikweli. Usiijaribu kwenye ulizo linalofuta au kubadilisha data.

Utafutaji wa jina una kisa kinachofanana. `jina__icontains` kwenye PostgreSQL hutoka ikiwa `UPPER(jina) LIKE UPPER('%juma%')`. Kuna vikwazo viwili. Kwanza, `UPPER` inaificha safu nyuma ya ugeuzaji, kama ilivyokuwa kwa tarehe. Pili, alama ya asilimia iliyotangulia inamaanisha neno linaweza kuanza popote, na faharasa ya kawaida, iliyopangwa kwa herufi za mwanzo, haina pa kuanzia. Ndiyo maana `db_index=True` uliyoiweka haijabadilisha kitu. Kinachofaa ni kiendelezi cha `pg_trgm`, kinachovunja kila jina katika vipande vya herufi tatu tatu na kuvitengenezea faharasa ya aina ya GIN:

```
GinIndex(
    OpClass(Upper("jina"), name="gin_trgm_ops"),
    name="mwanachama_jina_trgm",
)
```

Katika uhamishaji wa hifadhidata (migration, faili la Django linalobadilisha muundo wa majedwali) unaotangulia weka `TrigramExtension`, na `django.contrib.postgres` iwemo katika `INSTALLED_APPS`. Kwa kuwa vipande ni vya herufi tatu, mtu anayetafuta kwa herufi mbili hatapata msaada wa faharasa hii. Kiambie kisanduku cha utafutaji kisubiri herufi ya tatu. «Ali» itapita.

Faharasa zote hizi usiziunde kwa njia ya kawaida mchana wa kazi. `CREATE INDEX` ya kawaida huzuia uandishi kwenye jedwali hadi imalize, na kwa jedwali la malipo maana yake ni foleni kwenye madirisha ya matawi yote. Tumia `AddIndexConcurrently`, ukiweka `atomic = False` kwenye uhamishaji huo. Huchukua muda mrefu zaidi, na ikikatika katikati huacha faharasa batili ambayo itakubidi uifute kabla ya kurudia. Pia usijaze faharasa kwa kila safu kwa sababu tu sasa umeona faida yake. Kila moja hulipiwa kila lipo linapoandikwa.

Nimeona katika modeli yako kwamba picha na nakala ya kitambulisho cha mwanachama zimo ndani ya jedwali la wanachama kama data ghafi. Ukitumia `select_related`, zitasafiri zote 200 kila ukurasa unapofunguka, na utashangaa ulizo 1 linachukua sekunde nyingi. Ziondoe kwenye ulizo kwa `defer("mwanachama__picha", "mwanachama__kitambulisho")`. PostgreSQL huhifadhi thamani kubwa kama hizo pembeni mwa jedwali, kwa hiyo usipoziomba hazisomwi. Ila kiolezo kikizigusa baada ya hapo, N+1 inarudi kwa mlango wa nyuma. Kwa maoni yangu mafaili hayo yahamishiwe nje ya hifadhidata kabisa, lakini hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Kuhusu hoja ya meneja: ORM imeyafanya maulizo yasionekane, na hilo ni lawama halali. Lakini mkiiacha mtapoteza uhamishaji wa hifadhidata, ulinzi wa vigezo dhidi ya udukuzi wa SQL, na fomu zote zilizojengwa juu ya modeli, ili kutatua tatizo la kurasa tatu. Mahali ninapoandika SQL kwa mkono ni kwenye ripoti nzito za mwisho wa mwezi na kwenye maulizo yanayojirudia yenyewe, kama vile kufuata mnyororo wa wadhamini wa mkopo, ambayo ORM ya Django haiyaandiki vizuri. Hata hapo vigezo vipitishwe kando kupitia `params`, visibandikwe ndani ya maandishi ya SQL.

Mwisho, zuia maradhi haya yasirudi, kwa sababu yatarudi siku mtu atakapoongeza safu moja ya jina la mdhamini kwenye jedwali la ukurasa. Django ina `assertNumQueries` kwa kazi hiyo. Tengeneza mikopo 3 katika jaribio, fungua ukurasa, hesabu maulizo. Kisha tengeneza 30, fungua tena, na udai idadi iwe ileile. Usishikilie namba yenyewe sana, kwani kikao cha mtumiaji na ruhusa zake navyo vina maulizo yake. Kinachotakiwa ni kwamba isipande mikopo inapoongezeka. Andika jaribio hili kwanza, ulione linashindwa kwa msimbo wa sasa, ndipo uubadilishe. Ukishaupeleka kazini, endesha `pg_stat_statements_reset()`, subiri siku moja, kisha utazame tena ule mstari wa mwanachama mmoja mmoja uko nafasi ya ngapi kwenye orodha.